Dada wa Kuazima

Nilikuwa nimejipanga nisikasirike. Tangu asubuhi nilijiambia, mwanamke wewe, leo unampelekea mtu habari njema, kaa kwa adabu, usimpandishie sauti aliye nyuma ya wavu. Lakini mimi na adabu hatujawahi kukaa chumba kimoja tukamaliza siku. Sikuwa hata nimefika kwake, pale langoni tu, askari wa zamu akaanza kunitibua. Aliniuliza swali lilelile analoniuliza kila nikija, utadhani uso wangu unafutika nikiondoka.

"Wewe nani wake?"

"Dada yake."

Neno hilo ndilo lililonifikisha nilipofika, basi ngoja nilieleze kabla sijaingia ndani.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule na kupunguza suruali za watu waliokonda. Siku za kutembelea wafungwa nafunika cherehani, najiunga na wenzangu tunaoitwa Watu wa Benchi, kwa sababu tulikutana kwenye benchi lililo nje ya gereza, kila mmoja akimsubiri mtu wake, mwisho tukawa tunasubiriana. Tunapeleka sabuni na miswaki. Tunatafuta wadhamini. Tunakaa mahakamani ili mshitakiwa akigeuka nyuma aone uso mmoja unaomjua. Na wale wasio na mtu kabisa tunawaazimisha undugu. Gereza halitaki mtu baki, linataka ndugu, basi sisi ni ndugu. Kuna mama mmoja katika benchi letu ni shangazi wa watu ambao hajui hata baba zao walikuwa warefu au wafupi.

Kiongozi wetu ni Mama Benchi, mkunga mstaafu ambaye hata akikusalimia unahisi anakuambia usukume. Kwake ni mwiko kuuliza mtu alifanya nini. Uliza anahitaji nini, basi. Ukimwambia gereza liongezewe feni anakukubalia, feni ataleta, lakini atakukumbusha kwamba hakukaa kwenye benchi miaka yote hiyo kwa ajili ya feni. Anaisubiri siku ambayo mtoto ataonyeshwa ukuta ule, aulize ulikuwa wa kazi gani, na watu wazima watazamane wakose jibu. Jengo lenyewe ameshalipangia matumizi, anasema litafaa kuwa ghala la vitunguu. Mimi aliwahi kunivuta pembeni, aliponiona nimepaka wanja siku ya kwenda gerezani, akaninong'oneza: "Tunaazimisha undugu, mwanangu. Moyo hatuazimishi."

Alikuwa amechelewa.

Mtu wangu tunamwita Cheche. Ni fundi wa kuchomelea, na kabla ya kufungwa kazi yake ilikuwa mageti na nondo za madirisha. Siku ya kwanza tu alinichekesha, akaniambia yeye amewafungia watu wengi kuliko hakimu yeyote. Kosa lake sikumwuliza. Aliniambia mwenyewe baadaye, akitazama viganja vyake: waligombana kazini yeye na mwenzake mwenye karakana, akashika nondo, na mkono wa yule mwenzake haukunjiki tena mpaka leo. Hakujitetea wala hakulia. Nilimpenda hapo hapo, na kama kuna mwanamke atakayenicheka, mwache anicheke.

Mwanzoni aliniita dada kwa sababu askari alikuwa anasikiliza. Baadaye akaniita dada hata askari akiwa mbali. Ikafika siku akalitamka polepole, macho yake yamekaa usoni pangu, na mimi nikarudi nyumbani nikashonea mkono wa shati mahali pa kola. Hakuna kaka duniani aliyewahi kumwita dada yake vile.

Sasa, habari njema. Ofisa wa ustawi aliniita siku moja kabla, akaniambia Cheche anaweza kumalizia kifungo chake nje, akiwa chini ya uangalizi wa ndugu. Lakini msichana asiye na kwake hatoshi. Akaniuliza kama mama yetu bado yu hai. Ulimi wangu ulikimbia kabla yangu, nikamjibu yupo, mzima kabisa, anauza mabeseni sokoni. Ofisa akafurahi. Akasema aje keshokutwa, aseme mbele yake kwamba anampokea mwanawe, na mambo yatakwisha.

Nilimweleza Cheche yote hayo kwa mkupuo mmoja, nimeshika wavu kwa mikono miwili. Nilitegemea aruke. Alisikiliza mpaka mwisho, kidole chake kikipita juu ya waya kama mtu anayetafuta mahali palipochomelewa vibaya.

"Kwa hiyo nitatoka," akasema.

"Utatoka. Mama akisema neno moja, unatoka."

"Nikitoka nitakuwa nani?"

Sikumwelewa, au nilijifanya sikumwelewa. Nikamwambia atakuwa mtu huru, atakuwa nani tena.

"Nitakuwa kaka yako," akasema. "Nitalala kwa mama yako, majirani wataambiwa mimi ni mtoto aliyepotea akarudi. Ofisa akija kunikagua, wewe ni dada. Kifungo kikiisha, mtaa mzima umeshazoea. Halafu siku hiyo nisimame niseme nataka kumwoa nani?"

"Tutajua huko mbele."

"Huko mbele ndiko ninakokuuliza."

"Cheche, mimi sikukaa kwenye benchi lile kwenye jua na mvua ili mtu wangu aje achague jela. Kazi yangu ni kutoa watu humu. Ukiwa nje, hata ukiniita shangazi yako, sawa."

Akanisogelea mpaka pumzi yake ikanifikia. Hakupandisha sauti. "Humu ndani nimenyang'anywa kila kitu, wakanirudishia namba. Kitu kimoja tu nimekipata humu, na ndicho unachoniambia nikiache mlangoni wakati wa kutoka. Afadhali nimalize kifungo nikiwa wako kuliko kutoka kesho nikiwa kaka yako."

Wallahi nilitaka kumbusu na kumzaba kofi. Wavu ulituokoa sote.

"Na kesho nikiulizwa," akaendelea, "nitasema kweli. Nitasema huyu si dada yangu."

Hapo damu ilinipanda. Nilimkumbusha kwamba akisema hivyo hatajifungia mlango peke yake. Watauliza, kama huyu si dada, yule shangazi naye ni shangazi wa kweli? Na yule mama mdogo? Watalipangua benchi zima, na wale wazee wawili wa bweni la nyuma ambao hawana mtu isipokuwa undugu wetu wa kuazima watakaa bila hata wa kuwasalimia. Alilisikia hilo, nililiona likimwingia. Akainamisha kichwa. Lakini hakusema kwamba amebadili nia, na kengele ikalia, na askari akamgusa begani. Aliondoka bila kuniita dada wala kuniita chochote.

Nilikwenda mpaka nyumbani kwa miguu, maana ningekaa kwenye kiti ningekivunja.

Mama alikuwa uani anapanga mabeseni yake, dogo ndani ya kubwa. Habari za Cheche alizijua siku nyingi na hakuwahi kuzipenda. Alikuwa ameniambia kwamba mwanamume aliyezoea kufunguliwa mlango hatajifunza kumfungulia mwenzake, na kwamba wachumba wako tele sokoni, wengine wana maduka, mimi nimekwenda kuchagua aliyewekwa kabatini. Nilipomweleza ninachotaka, alishusha beseni.

"Undugu wote uliojaa duniani," akasema, "ukachagua dada. Binamu ulimwona ana pembe?"

"Mama, niliulizwa ghafla."

"Mtu akiulizwa ghafla hutaja jina lake, hataji ukoo."

Nilijiandaa kubembeleza usiku kucha. Haikuhitajika. Mama alifuta mikono, akasema atakwenda. Alikubali upesi mno, na mimi namjua mama yangu. Akikupunguzia bei kabla hujaomba, angalia beseni lina ufa wapi.

"Nitakwenda, na nitamwambia huyo ofisa kwamba ni mwanangu," akasema. "Lakini nikishasema ni mwanangu, basi ni mwanangu. Sitakaa na kijana aliye kaka mbele ya wageni na kitu kingine wageni wakiondoka. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wewe fundi ndiye ungetangulia kujua. Wewe unataka atoke jela, na mimi nataka utoke kwake. Kesho tutapata wote wawili."

Kama ningemkatalia, Cheche angebaki. Kama ningekubali, Cheche angelala chumba cha pili na kuniita dada mpaka nywele zitoke mvi. Niliingia ndani nikakaa kwenye cherehani nikashona kitambaa ambacho hakuna aliyeniagiza, mshono juu ya mshono, mpaka uzi ukaisha. Kisha nikatoka, nikamwambia mama sawa.

Kesho yake Mama Benchi alitusindikiza mpaka langoni. Nilimnong'oneza jambo lote. Akashusha pumzi, akasema kwanza mtu atoke, mengine hayana ukuta. Akakaa kwenye benchi kutusubiri, na askari wa zamu akaniuliza mimi nani wake.

Ofisi ya ofisa wa ustawi ilikuwa chumba chembamba, meza moja, dirisha moja lenye nondo, viti vimebanana kiasi kwamba goti langu liligusa la mama. Ofisa mwenyewe alikuwa na mafua, mpole, anafuta pua kila baada ya sentensi. Mguu wangu ulikataa kutulia. Mama alinishika paja akalikandamiza bila kunitazama.

Cheche akaingizwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona bila waya katikati. Sikujua ana kovu dogo chini ya kidevu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na sikio la kupendeza. Alisimama karibu na mlango mpaka alipoambiwa akae, na alipokaa aliwasalimia wakubwa, ofisa na mama, macho chini. Mama alimkagua kuanzia kwenye viatu kwenda juu, anavyokagua mteja anayeomba mkopo.

Ofisa akauliza akitoka atafanya kazi gani. Cheche akasema atarudi palepale alipokuwa. Ofisa akaacha kufuta pua, akamwuliza kama anamaanisha kwa yule aliyeumizwa naye.

"Kwake yeye," akasema Cheche.

Ilibidi nieleze, maana ilikuwa kazi ya benchi letu. Mama Benchi na mimi tulikwenda kwa yule mwenye mkono mbovu. Hatukumwomba asamehe. Tulimwuliza anahitaji nini. Alitufukuza mara ya kwanza. Mara ya pili alitujibu kwamba watu wote walimwambia haki imetendeka, mwenzake amefungwa, akarudi karakanani akakuta haki haiwezi kushika nyundo. Anachohitaji ni mikono. Basi huyo aliyemharibia mkono aje amfanyie kazi kwa mikono yake, na atamlipa kama kibarua yeyote, na siku ya kwanza hatamsalimia. Ya pili ataona.

"Na wewe umekubali?" ofisa akamwuliza Cheche.

"Hata asiponisalimia mwaka mzima."

Nilihisi goti la mama likisogea. Ofisa aliitikia kwa kichwa taratibu, akatutazama mmoja mmoja, na nikajua sasa ndiyo lile swali.

"Haya. Na huyu hapa ni dada yako?"

Cheche alinyanyua macho akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayeomba radhi kwa jambo ambalo hajalifanya bado, na nilijua, kama ninavyojua mkasi wangu gizani, kwamba usiku kucha alijaribu kulikubali neno lile likamshinda. Nilimtikisia kichwa kidogo. Usiseme. Nakuomba, usiseme.

"Afande," akaanza, "kuna jambo kuhusu dada—"

"Shati limekupanda mgongoni," mama akasema.

Wote tukamgeukia. Mama alikuwa ameshainuka. Alimfikia Cheche, akalivuta shati lile la gereza likakaa sawa, akampiga kofi dogo begani kama anayefukuza vumbi, kisha akamgeukia ofisa.

"Huyu ni mwanangu," akasema. "Nitamlisha, nitamlaza, na akikosea nitamkanya mimi mwenyewe, sitakuletea wewe. Una jingine?"

Ofisa akacheka mpaka akakohoa. Akasema laiti wazazi wote wangekuwa hivyo, na kwamba wiki ijayo tuje tumchukue. Cheche alikuwa bado amekaa na mdomo wazi nusu, sentensi yake imebaki hewani. Ilikuwa imekwisha. Angetoka, na mimi nilikuwa nimempoteza, vyote kwa neno moja la mama.

Akasimama. "Asante, mama," akasema. Halafu akanigeukia mimi. "Kwaheri, dada."

Akalitamka kama unavyomwambia mwanamke yeyote aliye mbele yako kwenye foleni. Sijawahi kuchukia neno kama nilivyolichukia lile.

Tulipotoka nje mama alitembea haraka, hata Mama Benchi alipoinuka kutupokea alimpita. Nilimkimbilia. Nilimwambia, kwa sauti ambayo mtoto hapaswi kumpandishia mzazi, kwamba amepata alichokitaka na sasa aridhike.

Mama akasimama. Akafungua kitambaa cha kichwani akakifunga upya.

"Alitaka kusema nini yule, nilipomkatiza?"

"Kwamba mimi si dada yake."

"Na wangemrudisha ndani."

"Wangemrudisha."

"Na alijua."

"Alijua, mama. Aliniambia tangu jana."

Mama Benchi alikuwa ametufikia.

"Baba yako, Mungu amrehemu," mama akasema, "hakuwahi kukosa hata usingizi wa mchana kwa ajili yangu. Na yule alikuwa anarudi kule kwa miguu yake kwa sababu ya neno. Nilikuja hapa na maneno yangu nimeyapanga kama mabeseni. Yamemwagika yote." Akanitazama. "Umesikia nimesema yeye ni nani wangu?"

"Mwanao."

"Na mume wa binti yangu, Mungu akijalia, nitamwitaje? Mjomba?"

"Mama!" nikasema, mdomo wazi.

"Wana wengine huja kwa uchungu, wengine huja kwa posa," mama akasema. "Ofisa hakuniuliza huyu amekuja kwa njia ipi, na mimi si mtu wa kujibu nisichoulizwa. Atalala chumba cha uani. Wewe utalala chumbani kwangu, upande wa ukutani, na mimi usingizi wangu ni mwepesi. Kifungo kikiisha, alete posa kama watu wote. Sasa funga mdomo, inzi ataingia."

Mama Benchi alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, anacheka mpaka machozi. Mimi nilishaanza kukimbia. Nilimwacha mama anaita, nikarudi langoni nahema, kwa sababu Cheche alikuwa amerudi ndani na ile kwaheri mdomoni, na nisingeweza kumwacha nayo mpaka wiki ijayo.

Askari wa zamu akanizuia. Muda wa kutembelea umekwisha, akasema. Halafu, sijui ni mazoea au ni ugonjwa, akaniuliza tena mimi nani wake.

"Mtoto wa mama yake," nikasema. "Nakuomba umpelekee ujumbe mmoja tu. Mwambie mama anauliza, posa ya dada yake italetwa lini?"

Uso wa askari ukalainika. Nani asiyependa habari za harusi? Akanipa hongera, akasema ni kweli kaka hawezi kurukwa katika jambo kama hilo, akaingia. Nilizunguka pale mlangoni nikiumauma kucha, nikienda na kurudi, mpaka nikasikia kutoka ndani, mbali, nyuma ya kuta zile zote, mtu anacheka. Nilikijua kicheko hicho.

Askari akarudi anatabasamu mwenyewe. "Amesema mwenye posa yuko tayari hata sasa hivi, anasubiri kufunguliwa mlango tu." Akakuna kichwa chini ya kofia. "Kwani dada, huyo mchumba wako naye amefungiwa wapi?"

Nikamwambia anakaa mbali kidogo, lakini yuko njiani.